Kamati ya Krimu ya Saladi

Kiti chenyewe kiling'olewa kwenye gari la watu saba lililopata ajali, kikawekwa juu ya matofali nje ya karakana ya matairi ya Émile, hapa Gulfton, upande wa ukuta ambao jua la Houston haliufikii mpaka saa tano asubuhi. Mikanda yake ya usalama bado ipo. Ukikaa vibaya kifungio kinakuchoma kiunoni. Asikudanganye mtu kwamba Marekani hakuna vijiwe. Vipo, ila watu wanavijia kwa magari. Wanapaki, wanakaa, wanalalamika, wanarudi kulala. Jumamosi asubuhi, shifti zikiisha, wanakuja walewale. Yupo Émile mwenyewe, Mkongomani wa Bukavu, mwenye karakana na mwenye sufuria ya kahawa, wote wanamwita Patron. Yupo Kiplagat wa Eldoret, karani wa ofisi ya bima, jina lake hapa ni Hansard, kwa sababu hawezi kusikia watu watatu wakiongea asiandike kumbukumbu. Na yupo Samson wa Tanga, aliyesoma kemia mwaka mmoja na nusu akaacha, na tangu siku hiyo hakuna jambo chini ya jua linalomshinda kulieleza. Huyo ndiye Saiensi. Kijiwe hiki kina ugonjwa mmoja tu: kikikupenda, kinakuundia kamati.

Na mwezi huu kilikuwa kimempenda Wilbroad.

Wilbroad ni Mhaya wa Bukoba, dereva wa van ya kupeleka wagonjwa kliniki. Kutwa anabeba wazazi wa watu. Anawapandisha, anawafunga mikanda, anawapeleka kusafishwa damu, anawarudisha mpaka mlangoni. Wamemwita Jipiesi maana anaijua Houston yote bila ramani. Mama yake mzazi, Mama Bertila, yuko nyumba ya wazee kule Alief, dakika kumi na mbili kutoka kijiweni kama taa za barabarani zina huruma. Mwezi wa tano alipata kiharusi, kumbukumbu ikaanza kuondoka kidogokidogo, na hii ni wiki ya tatu hataki kula. Jumatatu saa nne daktari ameita familia. Ama wamwekee mpira wa kumlishia tumboni, ama wamwache apumzike mpaka siku yake, na wa kutia sahihi ni Wilbroad. Kitu pekee mama alichotamka alipoulizwa anataka nini ni krimu ya saladi. Ile ya Waingereza, ya chupa.

Basi kamati hiyoo! Mwenyekiti Patron. Katibu Hansard. Mtaalamu wa uchunguzi Saiensi. Tawi la Dallas na Fort Worth likawekwa chini ya Prudensia, dada yake Wilbroad, nesi huko. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, picha yake jani la letasi. Wiki mbili nzima wajumbe walileta chupa: mayonesi, ranch, sosi ya samaki, ya kabichi, kila kitu cheupe kinachomwagika. Wilbroad alizifikisha hadi mapokezi ya ile nyumba, akamwachia dada wa zamu, akageuza gari. Zote zilirudi zimefunguliwa tu, hazikuliwa.

Mpaka juzi Prudensia alipoipata yenyewe, kwenye duka la vitu vya Kiingereza, akampa mtu aliyekuwa anakuja Houston. Leo asubuhi Wilbroad aliipokea, na badala ya kushika njia ya Alief, akaja nayo kijiweni. Kwa nini kijiweni kwanza? Hakuna aliyeuliza. Walifurahi mno kuiona.

— Iweke hapo katikati, Hansard akasema, kalamu tayari. Wajumbe waione. Saa mbili na dakika arobaini, chupa imewasilishwa.

— Njano, akasema Saiensi, akiinyanyua kwenye mwanga. Mnaona? Niliwaambia si nyeupe. Nyeupe ni mayonesi. Hii ina haradali.

— Wewe ulisema ni ya pinki, Hansard akamjibu. Niko nayo hapa kwa minutes za tarehe sita.

— Nilisema inaelekea pinki.

— Miye nilisemaka tangu mbele, akaingia Patron akimimina kahawa. Ba-Anglais hawakuweza mayonnaise. Walikuja kwetu wakaonja ya ba-Belges, wale Wabelgiji, wivu ikawashika, wakarudi kwao wakatengeneza hii. Ni mayonnaise ya mtu mwenye hasira.

Wilbroad alicheka kidogo. Alikuwa amekaa pembeni, kifungio kikimchoma, na hakusogea. Hapa alikuwa na nafuu. Maneno yakienda na kurudi namna hii, mtu anaweza kukaa saa nzima asiwaze Jumatatu.

— Matumizi, Hansard akasema. Hapo ndipo tulikwama wiki jana. Mimi msimamo wangu mnaujua. Hii kitu ni ya chips. Tulikuwa nayo high school, manze, meza ya prefects peke yake. Unamwagia chips zikiwa moto, unakula haraka kabla mtu hajakuomba. Use ingine hakuna.

— Ya mayai, bwana! Saiensi akawaka. Yai la kuchemsha. Siki inakutana na kiini, kunatokea mmenyuko, harufu inapanda puani, na puani kuna mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ubongo, chumba cha kumbukumbu. Ndiyo maana mama wa watu anaitaka. Hataki chakula yule. Anataka kukumbuka.

— Hiyo umeisoma wapi?

— Si kila kitu kinasomwa.

Na mkononi, jamani, alikuwa na mayai matatu ya kuchemsha kwenye mfuko. Alikuja amejiandaa. Wilbroad hakuweza kuyaondolea macho mayai yale.

Maana yeye ile krimu anaijua. Ndiye pekee kati yao anayeijua kikweli, na ndiye hajasema neno. Mama yake alikuwa mpishi wa Dokta Sheldon, Mwingereza wa hospitali ya misheni, kilomita nane kutoka kwao. Kila Jumapili Dokta alikula letasi, nyanya, yai lililokatwa mara nne, na hiyo krimu juu yake. Chupa ikikaribia kwisha alimwambia Bertila, chukua. Bertila aliitia maji ya moto kidogo, akaitikisa mpaka ukuta wa chupa ukawa safi, akaja nayo nyumbani chini ya khanga. Wilbroad alikuwa na miaka minne. Alimwagiwa juu ya kipande cha yai na kiazi, akala, na mama alikaa mbele yake akimtazama tu. Hakuwa anagusa kitu yule mama mpaka mtoto amalize. Mtoto akisema nimeshiba, ndipo naye anasogeza sahani, anakula kilichobaki.

— Tuonje, akasema Saiensi.

— Haijafunguliwa bado, Hansard akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kushawishiwa.

— Sasa tutajuaje kama ndiyo? Zile nane zilizopita tulizipeleka bila kuonja, matokeo mmeyaona. Mwenyekiti?

Patron alimwangalia Wilbroad.

— Mwenye mama ni yeye.

— Fungueni, akasema Wilbroad.

Ikafunguliwa. Saiensi akaweka juu ya yai. Patron akachovya andazi. Hansard, eti kwa ajili ya kumbukumbu, akajimwagia kwenye kipande cha mkate, halafu kingine. Wakatafuna.

— Kali, akasema Patron. Tamu, halafu kali, halafu huzuni.

— Andika hiyo, akasema Saiensi.

— Kwetu Bukavu kulikuwa Mzungu mmoja, Protestant, alikuwa anasugua nayo viatu vya ngozi. Viatu vile havijaisha mpaka leo.

— Viatu?

— Miye sikuambie uongo. Na alikuwa anapaka mutoto akiungua moto.

— Nyinyi mnaangalia kiatu, Saiensi akasema, na sasa sauti ilishapanda, mimi naangalia himaya ya Waingereza. Nchi ile ndogo, mvua mwaka mzima, chakula hakina hata pilipili, ilishikaje nusu ya dunia? Fikirini! Walikuwa wanawapa wapishi hii. Mpishi akilamba mara moja, hawezi kumsahau bosi wake mpaka kufa. Mama Bertila amesahau mtaa wake, amesahau mwaka, jirani zake wote kawasahau. Lakini krimu ya bosi anaikumbuka! Ni dawa ile. Waliitia kitu.

— Na ule mkate? Hansard akauliza. Prudensia alisema wahudumu wanakuta mkate kwa foronya ya mto. Vipande vimefungwa kwa tishu. Wakibadilisha shuka kila siku wanapata mpya.

— Anaogopa sumu, akasema Patron. Anaweka ushahidi.

— Anaweka akiba, Hansard akasema. Boarding tulifanya hivyo. Mtu aliyewahi kulala njaa hawezi kuona mkate ukaenda hivi hivi.

— Anatega panya, akasema Saiensi, na hata yeye mwenyewe akaona amevuka mpaka. Akaongeza yai.

Wilbroad aliijua sababu ya ule mkate. Siku kumi na tisa zilizopita alikwenda mwenyewe, akavuta kiti, akashika mkono wa mama yake. Mama akainuka akaketi wima, akafunga kitambaa vizuri kichwani. Akamsemesha kwa Kiswahili, kile cha kazini, si Kihaya cha nyumbani. Akasema, Dokta, vyombo nimemaliza. Naomba ruhusa niende, nina mtoto hajala. Wilbroad akamwambia kwa Kihaya, mama, ni mimi. Mama akatikisa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya mtu asiyeelewa lugha ya mwajiri. Halafu akatoa tishu chini ya mto, ndani yake kipande cha mkate kilichoota ukungu. Akasema, basi Dokta, kama utapita njia ya kwetu, mpelekee. Mwambie mama anakuja.

Akaupokea. Akasema asante. Alipofika kwenye maegesho akautupa kwenye pipa la taka, maana ulikuwa umeoza, ungefanywa nini? Kisha akakaa kwenye van, amefunga mkanda, funguo mkononi, na hakuweza kuwasha gari kwa muda mrefu sana. Tangu siku hiyo miguu yake inaishia mapokezi.

Simu ikalia. Prudensia. Wilbroad aliiacha ilie mara tatu, kisha akaipokea, na kwa bahati mbaya ilikuwa kwenye spika.

— Kaka, shikamoo. Umempa?

— Marahaba. Ndiyo naelekea huko.

— Mimi nafika kesho jioni, shifti imebana. Jana alionekanaje?

— Yuko vilevile tu.

— Alikutambua?

Magari yalipita. Patron aliangalia ndani ya sufuria.

— Kidogo, akasema Wilbroad.

— Mungu ni mwema, kaka. Nakushukuru unavyokaa naye. Mimi huku nalala kwa sababu najua wewe upo.

Simu ikakatika. Hansard hakuandika. Wote watatu walimjua Wilbroad, na wote walijua jana Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikuwa wapi, kwa sababu alishinda hapahapa akimsaidia Patron kupanga matairi. Hakuna aliyemgusia. Ndivyo urafiki wa kijiwe ulivyo, unakufunika hata pale unapohitaji kufunuliwa.

— Tuendelee, akasema Hansard. Hoja iliyo mezani ni kwamba ipelekwe na yai au na chips.

— Na yai.

— Na chips. Au tupige kura.

Walikuwa kwenye kura, na chupa imeshashuka theluthi, gari dogo lilipoingia likichechemea, tairi la nyuma limelala kabisa. Akashuka dada mmoja amevaa sare za hospitali, macho mekundu ya kukesha. Si wa kijiwe. Hakuna aliyemjua.

— Hamjambo wazee. Naitwa Kanana. Nimekanyaga msumari hapo Bellaire, naweza kusaidiwa?

— Karibu, dada, kaa, akasema Patron. Tairi iko na moto bado, tuiache ipoe dakika mbili. Kahawa?

— Nitashukuru.

Akakaa ukingoni. Kifungio kikamchoma, akakisogeza. Akaiona chupa, mayai, daftari.

— Mnafanya biashara ya chakula?

Hapo Hansard akapata uhai. Akamsomea kila kitu, tangu ukurasa wa kwanza. Mama Bertila, kiharusi, wiki tatu, mkutano wa Jumatatu, mpira wa tumboni. Mwenyekiti nani, katibu nani. Chupa nane zilizokataliwa na tarehe zake. Tawi la Fort Worth. Ripoti ya mtaalamu kuhusu siki na mshipa wa pua. Kura: mbili kwa yai, moja kwa chips. Alisoma vizuri, na kwa kweli kazi ilikuwa imefanyika. Hakuna mgonjwa Houston nzima aliyetafutiwa kitu kwa bidii kama ile.

Kanana alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili. Hakucheka mahali popote.

— Na saa hii, akauliza, nani ako na yeye?

— Nani?

— Huyo mama. Saa hii tukiongea. Nani amekaa na yeye?

Hansard akarudi kwenye daftari. Akafunua ukurasa wa wajumbe, akaushusha kwa kidole. Usafiri, jina lilikuwepo. Kuonja, lilikuwepo. Mawasiliano na duka, lilikuwepo. Akafunua nyuma, akafunua mbele.

— Si mke wa Saiensi alikuwa anaenda? akasema Patron.

— Mke wangu alisema tawi la Dallas lina zamu.

— Tawi liko mwendo wa saa nne kutoka hapa, Saiensi, akasema Hansard.

— Mimi nilidhani...

Hansard akafunga daftari taratibu na kuliweka chini, karibu na matofali. Hawakumtazama Wilbroad, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

— Hakuna mtu, akasema Wilbroad. Msihangaike kutafuta. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwepo, na sijaingia chumba kile siku kumi na tisa.

Akawaeleza. Khanga, chupa iliyotikiswa kwa maji ya moto, mkate, ruhusa aliyoombwa. Pipa la taka nalo akalisema.

— Alinipa chakula changu mwenyewe nikakitupa. Miaka hamsini na moja amenitunzia, nikakitupa. Halafu nikaja hapa kusikia habari za viatu.

— Ndugu yangu, akasema Patron.

Kanana aliweka kikombe chini.

— Mimi sijui kama atakula, akasema polepole. Wengi hawarudii kula tena. Nisikudanganye.

— Najua.

— Hata akikula leo, Jumatatu bado iko.

— Najua, dada.

Wilbroad akainuka. Akaichukua chupa, akaipangusa shingo kwa kiganja, akafunga kifuniko. Mfuko wa Saiensi ulikuwa umebaki na yai moja. Akalitazama. Saiensi akampa, na katika miaka yote ya kijiwe hicho ilikuwa mara ya kwanza kutoa kitu kisichokuja na nadharia. Hansard akakunja vipande viwili vya mkate kwenye karatasi aliyoichana kwenye daftari.

— Una kijiko cha kumlishia? Patron akauliza. Nikupe?

— Simlishi.

— Sasa yote hii ya nini?

— Ya kula mimi, akasema Wilbroad. Nitakaa mbele yake nile mpaka nimalize, halafu nimwambie nimeshiba. Kwa Kihaya. Labda atanijua, labda hatanijua. Lakini mtoto wake atakuwa amekula.

Akaingia kwenye van, akafunga mkanda, na safari hii funguo hazikumchukua muda. Walimsikia akitoka barabarani, akageukia upande wa Alief. Patron akainamisha sufuria juu ya kikombe cha Kanana. Lilitoka tone, halafu mashapo ya kahawa. Hakuna aliyesema ipikwe nyingine.